Kabla ya Ng'ombe, Maji

Ng'ombe chotara wa maziwa anayefugwa bandani na kukamuliwa lita 8 hadi 10 kwa siku anahitaji maji yapatayo lita 60. Kiangazi, majani yanapokauka, anahitaji zaidi. Dumu tulilolizoea ni la lita 20, kwa hiyo ng'ombe mmoja ni madumu 3 kila siku ya Mungu, juu ya maji ya kupikia, kunywa, kuoga na kufua. Katika vijiji vingi vya Muleba na Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, nyumba ziko juu mgongoni mwa vilima, na chemchemi ziko chini bondeni. Unashuka na dumu tupu, unapanda na kilo 20 kichwani.

Hesabu hii sijawahi kuiona kwenye bango la mradi wowote wa kugawa mifugo. Mabango huonyesha ng'ombe aliyenona, mama anayetabasamu na mtoto aliyeshika kikombe cha maziwa. Picha hiyo haidanganyi. Maziwa hayo nimeyaona, nimeyanywa, na yamenisomesha pamoja na binamu zangu. Lakini nataka kuandika kuhusu maji aliyokunywa yule ng'ombe na mtu aliyeyabeba, kwa sababu naamini misaada mingi ya mifugo hushinda au kushindwa hapo, miezi kadhaa baada ya wageni kupiga picha na kuondoka.

Kwanza niseme kwa nini ng'ombe, maana msomaji wa mjini anaweza kuuliza kwa nini familia maskini isipewe fedha ikanunua inachotaka. Kwetu Kagera ng'ombe alitakiwa kwa samadi kabla ya kutakiwa kwa maziwa. Mwambao wa Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo imeusuuza udongo mpaka umebaki hauna rutuba. Kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, ni udongo uliotengenezwa na watu. Ni vizazi vya samadi, majivu, maganda ya ndizi, na nyasi zilizokatwa kwenye rweya, yale mbuga ya nyasi nje ya vibanja, na kubebwa hadi chini ya migomba. Ukisimama kwenye mpaka wa kibanja cha zamani unaona kwa macho: upande huu udongo mweusi, laini, wenye minyoo, hatua chache upande wa pili, nyasi ngumu juu ya ardhi iliyochoka. Tofauti hiyo imeletwa na ng'ombe. Familia isiyo na ng'ombe hula rutuba iliyowekwa na babu, mwaka baada ya mwaka, bila kurudisha kitu, mpaka mikungu inakuwa midogo na migomba inaanguka kwa upepo mdogo.

Na ng'ombe walitutoka kwa mapigo mengi. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ya miaka ya 1890 iliua mifugo Afrika Mashariki nzima. (Ugonjwa huo umetangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na nadhani habari hiyo ilistahili ngoma na vigelegele kuliko ilivyopata.) Ikaja vita na Uganda ya Idi Amin, 1978 na 1979. Kisha Ukimwi: wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983. Waliozikwa walikuwa watu wenye nguvu za kufuga na kukata nyasi. Waliobaki walikuwa wajane, bibi na wajukuu, kwenye vibanja vilivyozidi nguvu zao.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa wajane hao. Alipopata mtamba wa kwanza, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, alimpata kwa utaratibu ambao Watanzania wengi wanaujua kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unajiunga na kikundi, unafundishwa, unajenga banda lenye paa, hori na sakafu ngumu, unapanda majani ya malisho kama mabingobingo na guatemala, ndipo unakabidhiwa mtamba mwenye mimba. Huulizwi riba. Ndama jike wa kwanza akikua unampeleka kwa jirani aliye kwenye orodha, mbele ya kikundi chote, na deni lako limekwisha.

Mzizi mmoja wa utaratibu huu uko mbali sana na Kagera. Dan West, mkulima Mmarekani wa kanisa la Brethren, alikwenda Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kugawa maziwa kwa wakimbizi. Maziwa hayakutosha kamwe, na akarudi nyumbani Indiana na wazo kwamba mwenye njaa apewe ng'ombe badala ya kikombe. Mwaka 1944 mitamba ya kwanza ilipakiwa melini kwenda Puerto Rico, na shirika lililotokana na wazo hilo, Heifer International, limekuwa likifanya kazi Tanzania tangu miaka ya 1970. Wengine nao wakaja: Uholanzi ilifadhili miradi ya ng'ombe wa maziwa Kagera na Tanga, Uswisi Nyanda za Juu Kusini, makanisa karibu kila mahali. Shirika lililompa shangazi yangu nitaliacha bila jina, maana ninayoyasema hapa yangeweza kusemwa juu ya mengi.

Ninachokipenda katika kopa ng'ombe lipa ng'ombe ni siku ya kulipa. Nimeshuhudia shangazi akimkabidhi ndama wake kwa mama wa kitongoji cha pili, mwanamke ambaye miaka miwili kabla alikuwa akimwangalia shangazi kwa huruma. Alivaa gomesi yake ya harusini. Aliongea mbele za watu, yeye ambaye kikaoni alizoea kukaa nyuma. Anayepokea msaada hubaki mpokeaji, lakini siku ile yeye ndiye alikuwa mtoaji, na mwenyekiti wa kijiji alimshukuru yeye kwa jina.

Sasa turudi kwenye maji.

Mafunzo aliyopewa shangazi yalikuwa mazuri. Alifundishwa kukata majani, kuchanganya pumba na mashudu, kutambua ng'ombe aliye kwenye joto ili amwite kwa wakati mtaalamu wa uhimilishaji, yaani wa kupandisha kwa mbegu ya dume bila dume, kukamua kwa mkono mzima bila kuvuta chuchu. Kwenye daftari lake kulikuwa na mstari: "Maji safi ya kutosha wakati wote." Mstari mmoja. Hakuna aliyemuuliza maji hayo yatatoka wapi.

Miezi ya mvua haikuwa shida. Majani mabichi yenyewe yana maji mengi, na masufuria na beseni chini ya ukingo wa paa yalijaa. Ilipofika Juni mambo yakageuka. Chemchemi ya karibu ilipungua ikawa ya kusubiri, na foleni ikaanza kabla ya jua kuchomoza. Shangazi alienda alfajiri, binti yake mdogo alienda kabla ya shule na tena jioni. Kufika Agosti binti alikuwa anafika darasani kipindi cha pili, siku nyingine hafiki. Nilikuwa likizo kwao mwaka ule, na nilimuuliza shangazi kwa nini asimpunguzie ng'ombe maji kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, akilia kiu usiku mimi silali."

Hata hivyo alilazimika kupunguza. Ng'ombe alipata dumu moja na nusu, na maziwa yakashuka kutoka lita 9 hadi 4 bila dalili yoyote ya ugonjwa. Afisa mifugo alikuja, akapima joto, akatazama kiwele, akaangalia ufizi, akaandika dawa ya minyoo. Maziwa hayakupanda. Hakuna muujiza hapo: karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji. Ng'ombe asiyenywa hana cha kutoa, na mwili wake huanza kwa kufunga maziwa ili uhai wake usalie. Mkulima anaona hasara, mtaalamu anatafuta ugonjwa, na dawa yenyewe iko bondeni.

Wala si ya kunywa tu. Ng'ombe wa kigeni na machotara wao ni wepesi kufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Chanjo ipo, sindano moja inamkinga mnyama maisha yake yote, lakini hutunzwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, hivyo kuifikisha kijijini ni kazi. Kwa wengi kinga iliyobaki ni kumnyunyizia ng'ombe dawa ya kupe kila wiki, na dawa hiyo huchanganywa na maji. Kiwele huoshwa kabla ya kukamua, la sivyo unakaribisha ugonjwa wa kiwele. Vyombo vya maziwa huoshwa kwa maji ya moto, la sivyo maziwa yanarudishwa kwenye kituo cha kukusanyia. Banda nalo husafishwa. Kila sura ya kitabu cha ufugaji bora ina ndoo ya maji ndani yake, na kila ndoo ina kichwa cha mwanamke au mtoto chini yake.

Naona shida inaanzia kwenye jinsi misaada inavyogawanywa ofisini. Mifugo ina idara yake, maji yana idara yake. Mfadhili wa ng'ombe anaandika ripoti ya ng'ombe waliogawiwa na mfadhili wa maji anaandika ripoti ya visima vilivyochimbwa. Wanaweza kufanya kazi wilaya moja, mwaka mmoja, na magari yao yakapishana barabarani, bila kisima cha mmoja kuwa karibu na banda la mwingine. Lakini nyumba ya shangazi ni moja, na siku yake ina saa 24 zile zile.

Historia ya maji vijijini Tanzania nayo imejaa nia njema. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumba yake, na wafadhili wakagawana mikoa. Wafini walikwenda Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga na Morogoro na visima vyao vifupi, na baadaye Waswidi wakaja Kagera, Mara na Mwanza kwa mradi wa HESAWA, wa afya, usafi wa mazingira na maji, ulioanza mwaka 1985. Mwaka 1991 ulifika na ukapita, na mamilioni bado walikuwa kwenye mito na madimbwi. Vituo vya maji vijijini vilipohesabiwa na kuwekwa kwenye ramani mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu vituo 4 kati ya 10 vilikutwa havitoi maji. Sababu zinajulikana na kila mwanakijiji: mpira wa pampu umekwisha na duka la vipuri liko mkoani, dizeli imepanda, kamati imekula fedha, fundi aliyefundishwa kahamia mjini. Mwaka 2019 RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliundwa kushughulikia maji vijijini, na vyombo vya watumia maji vikapewa nguvu kisheria ya kukusanya ada na kuajiri. Mahali ambapo ada inakusanywa kwa uwazi, tofauti inaonekana.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisiwe mbali zaidi ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Ni kiwango cha heshima na natamani kingetimia kila kijiji. Ila tazama hesabu. Familia ya watu 5 inapewa lita 125. Mlete ng'ombe wa maziwa na nusu ya maji hayo ni yake. Walete 40 kwa mkupuo mmoja, kama miradi inavyopenda kufanya, na umeongeza watu karibu 100 kwenye foleni ambayo tayari ilikuwa ndefu. Ndipo ugomvi wa kisimani unapoanza. Asiye na ng'ombe anamwona mwenye ng'ombe kama mtu anayeiba maji ya watoto, na kwa kweli ana hoja.

Mahali maji yako karibu na yanalipiwa, mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Tuseme ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Ng'ombe ni shilingi 150 kwa siku, 4,500 kwa mwezi. Ukiuza maziwa hata kwa shilingi 1,000 lita, umelipia maji ya mwezi kwa lita 5 na chenji inabaki. Kinachomaliza familia ni umbali. Saa tatu za kila siku za mama na saa za shule za binti hazina bei kwenye daftari la mradi, kwa hiyo zinahesabiwa kuwa bure.

Miaka miwili baadaye sisi wa ukoo tuliokuwa na kazi tulichanga tukamwekea shangazi mifereji na tangi la lita 5,000. Nieleze hesabu yake, maana ni rahisi na nimeona watu wengi wakiikosa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba yake ina bati la mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Mvua nzuri ya milimita 30 inateremsha lita 1,440. Ukitoa kinachomwagika, kinachoruka na yale maji ya kwanza yenye vumbi unayoyaacha yapite, unabaki na lita kama 1,100. Mvua 5 za namna hiyo na tangi limejaa. Kiangazi chetu ni Juni, Julai na Agosti, siku 90 na kitu. Mara lita 60, ni 5,400. Tangi moja linakaribia kumvusha ng'ombe kiangazi kizima, na mvua za kubahatisha za katikati zinajazia. Maji ya ng'ombe hayahitaji kuchemshwa. Yanahitaji kifuniko, wavu wa kuzuia mbu, na bomba lisilovuja.

Mwaka wa kwanza wa tangi, maziwa ya Agosti yalikuwa lita 8. Binti alimaliza muhula bila kukosa. Shangazi aliacha kwenda bondeni alfajiri, akaanza kwenda rweya kukata nyasi za kibanja, kazi aliyokuwa ameitupa tangu mumewe afariki, na migomba ilijibu kabla ya mwaka kwisha. Mimi sina tangi lolote la kuuza. Ninachosema ni kwamba mtamba alikuwa ametolewa na mtu mwingine, kwa gharama kubwa, na alitoa nusu ya faida yake mpaka maji yalipomfikia.

Wapo walioliona hili mapema. Kule Kitui, Machakos na Makueni nchini Kenya, ambako mito ni ya msimu, vikundi vya kijamii, wengi wao wanawake, hujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji unajengwa kukatisha mto juu ya mwamba. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya chembe zake. Hata robo na zaidi ya ujazo wa mchanga ule inaweza kuwa maji. Jua haliyafikii ili kuyakausha, mbu hawazalii, ng'ombe hawayachafui kwa kukanyaga, na mchanga wenyewe unayachuja. Kazi hufanywa kwa mwethya, ushirika wa kusaidiana wa Wakamba uliokuwepo kabla ya wafadhili wowote. Baada ya bwawa ndipo yanafuata matuta, miti, majani ya mifugo kwenye kingo, na mifugo yenyewe. Huo mpangilio ndio ninaoupigania.

Tena si kila mahali panahitaji ng'ombe. Kwenye miteremko mikali ya Mgeta, milima ya Uluguru, Chuo Kikuu cha Sokoine kilipeleka mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway katika miaka ya 1980. Mbuzi anakunywa lita chache tu, anakula majani anayoweza kubeba mama mmoja, na akifa hakuangamizi. Wanaogawa mifugo wangeuliza kwanza kijiji kina maji kiasi gani mwezi mkavu kuliko yote, jibu lenyewe lingewaambia walete mnyama gani. Ng'ombe wa Friesian kwenye kijiji kinachokunywa maji ya lambo moja, lambo linalokauka Septemba, ni ukatili kwa mnyama na kwa mwenye mnyama.

Majirani zetu wa Rwanda walianza Girinka mwaka 2006, ng'ombe mmoja kwa kila familia maskini, mpango wa serikali yenyewe chini ya Rais Kagame, na mamia ya maelfu ya familia zimepata ng'ombe. Kuna jambo linanigusa ndani yake. Zamani kule, ng'ombe aliyetolewa na tajiri kwa maskini alimfunga maskini kwa utumishi, katika mfumo wa ubuhake ambao Mwami (mfalme) Mutara Rudahigwa aliufuta mwaka 1954. Katika Girinka ndama wa kwanza jike anakwenda kwa jirani na mtoaji hamdai utumishi mtu yeyote. Ng'ombe yule yule, mkataba mwingine, uhusiano mwingine kabisa kati ya watu.

Waingereza nao walikuwa na shirika lililoanza mwaka 1988 kwa kusafirisha ng'ombe kwa ndege kwenda Uganda iliyokuwa imechoshwa na vita, wakati wakulima wa Ulaya walikuwa wamewekewa ukomo wa maziwa na wana ng'ombe wa ziada. Liliitwa Send a Cow. Kadiri miaka ilivyokwenda likajikuta linafanya zaidi kazi ya bustani, udongo, maji na mahusiano ndani ya nyumba, na mwaka 2022 lilibadilisha jina likawa Ripple Effect. Shirika lililoacha jina lililolipatia umaarufu kwa sababu kazi yake ilikuwa imelizidi jina hilo, mimi nalivulia kofia.

Watafiti wamelipima hili kwa namna yao. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo kutoka nchi 6, Ethiopia na Ghana zikiwemo, ambako familia maskini kabisa zilipewa mali ya kuzalisha, mara nyingi mifugo, pamoja na fedha au chakula cha kujikimu kwa muda, mafunzo, akiba na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara. Hali zao zilipanda, na zilibaki juu mwaka mzima baada ya msaada kwisha. Ghana walikwenda mbele wakajaribu pia kutoa mbuzi peke yao, bila mengine. Hayo hayakuleta mabadiliko ya kudumu. Aliyewahi kumwona mama akimuuza mbuzi wa msaada ili anunue unga wa wiki mbili hakuhitaji utafiti, lakini nafurahi kwamba umefanywa, kwa sababu wafadhili husikiliza tarakimu.

Kuna jambo jingine lisilopendwa kuzungumzwa vikaoni. Anayebeba maji ni mwanamke, anayekaa kwenye kamati ya maji mara nyingi ni mwanaume, na ng'ombe aliyenyweshwa kwa kichwa cha mke huuzwa kwa neno la mume. Kwa mjane ni shemeji. Shangazi yangu aliponea hapo kwa sababu mkataba wa mtamba uliandikwa kwa jina lake na kikundi kilikuwa shahidi. Ndugu wa marehemu walipokuja kuuliza habari za "ng'ombe wa kaka yetu", mwenyekiti wa kikundi aliwafungulia daftari na mazungumzo yakaishia hapo. Karatasi ile moja ilimlinda kuliko sheria yoyote ambayo angeitafuta mahakamani. Mradi usioandika jina la mwanamke kwenye mkataba umempa mwanaume ng'ombe na mwanamke kazi.

Naandika haya nikiwafikiria hasa ninyi mlio mijini na nje ya nchi, mnaochangishana kwenye makundi ya simu kila inapokaribia Krismasi au Idi, mkitaka kufanya jambo la maana kijijini. Ng'ombe anavutia kwa sababu anapigika picha. Mfereji wa bati haupigiki picha. Kabla ya kununua mtamba, piga simu kwa mama atakayempokea, si kwa mwenyekiti, umuulize Agosti anachota wapi na anarudi saa ngapi. Uliza kituo cha maji cha kijiji kiliharibika lini mara ya mwisho na kilikaa siku ngapi. Uliza nani anauza dawa ya kupe na iko umbali gani. Majibu yakiwa mabaya, kaza hapo kwanza. Mchango ukiwa mdogo, gharama ya mtamba mmoja mzuri inaweza kuzipatia maji nyumba kadhaa ambazo tayari zina mifugo, na hizo zitakupa maziwa mapya bila ng'ombe mpya hata mmoja.

Kwetu, ndama jike mwingine wa shangazi ameahidiwa kwa familia ya jirani, kijana na mkewe wanaolea wadogo zao. Banda lao liko tayari na mabingobingo yamefika kiunoni. Kikundi sasa kina kanuni mpya, waliyoiandika wenyewe baada ya mjadala mrefu: hapokei mtu mpaka wakague mifereji na tangi. Ukoo umechangia nusu ya tangi, kijana anatoa nusu iliyobaki kwa kuuza kahawa yake. Ndama atahama baada ya mvua za vuli, tangi likishajaa.